Chanda Chema Kivikwe Pete Mapema



Mada yetu leo ni namna jamii inavyowaenzi wasanii wake, nami nimechagua kuizungumza kupitia muziki ambao wengi wetu tuliukuta nyumbani kabla hatujaujua jina, yaani muziki wa kantri wa Marekani. Jim Reeves, Kenny Rogers, Don Williams na Dolly Parton wamesikika katika redio za Afrika Mashariki kwa miongo mingi. Zipo nyumba nyingi nchini Kenya ambazo Krismasi haijawa Krismasi mpaka sauti nzito ya Jim Reeves isikike sebuleni. Wanaozijua nyimbo hizi neno kwa neno ni wengi, lakini wanaowajua waliozitunga ni wachache mno, na pengo hilo ndilo ninalotaka tulitazame.

Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete. Usemi huo haupingwi na mtu. Ubishi huanza tukiuliza ni chanda cha nani, na pete yenyewe inavikwa lini. Kwa maoni yangu, heshima kwa msanii hukamilika kwa mambo matatu: mwenye kazi atajwe kwa jina, alipwe haki yake, na yote hayo yamfikie angali hai. Likikosekana moja, tumemtendea nusu. Nitaipima hoja hiyo katika jiji la Nashville, jimbo la Tennessee, ambako muziki huu umejengewa nyumba ya kumbukumbu inayojulikana dunia nzima.

Majina matatu ya kwanza

Chama cha Muziki wa Kantri cha Marekani kiliundwa mwaka 1958, wakati ambapo muziki wa roki ulikuwa ukiinyang'anya kantri vijana na nafasi redioni. Mwaka 1961 chama hicho kilianzisha Jumba la Heshima la Muziki wa Kantri, kikatangaza majina matatu ya mwanzo: Jimmie Rodgers, Hank Williams na Fred Rose. Wote watatu walikuwa wamekwisha kufa. Msanii wa kwanza kuingizwa humo akiwa hai alikuwa Roy Acuff, mwaka 1962.

Rodgers alikuwa mfanyakazi wa reli kutoka Meridian, Mississippi. Alirekodi kwa mara ya kwanza tarehe 4 Agosti 1927 huko Bristol, mji ulio mpakani mwa Tennessee na Virginia, siku chache tu baada ya familia ya Carter kurekodi hapo hapo mbele ya mtu yule yule, Ralph Peer wa kampuni ya Victor. Kifua kikuu hakikumwachia nafasi. Mei 1933 alikwenda New York kurekodi akiwa hoi, hata studioni akawekewa kitanda cha kujilaza kati ya wimbo na wimbo. Alifariki tarehe 26 mwezi huo huo, akiwa na miaka 35. Hank Williams naye alifariki tarehe 1 Januari 1953 akiwa safarini kwenda kutumbuiza, amelala kiti cha nyuma cha gari. Alikuwa na miaka 29.

Jina la tatu ndilo linalonivutia zaidi. Fred Rose hakuwa nyota wa jukwaani. Alikuwa mtunzi, na mwaka 1942 yeye na Roy Acuff walianzisha Acuff-Rose, kampuni ya kwanza ya uchapishaji wa muziki wa kantri yenye makao Nashville. Mchapishaji wa muziki husajili wimbo kwa jina la mtunzi, huutafutia mwimbaji, hudai mirabaha kila unapouzwa au kupigwa redioni, kisha humpa mtunzi fungu lake. Zamani hizo ilikuwa kawaida mtunzi mwenye njaa kuuza wimbo wake kwa dola chache na kuusahau, hata ukija kumtajirisha mwingine. Rose alikaa chini na Hank Williams, wakazipitia nyimbo mstari kwa mstari, na nyimbo hizo zikaendelea kubeba jina la aliyezitunga. Walioanzisha jumba lile walipoliweka jina la Rose kando ya majina ya waimbaji wawili mashuhuri, walikiri tangu siku ya kwanza kwamba wimbo una mwenyewe hata kama mwenyewe haonekani jukwaani.

Heshima ya Kapkatet

Kabla hatujaendelea na Nashville, hebu turudi kwetu kidogo. Mwaka 1950, yaani miaka 11 kabla ya jumba la Nashville kumtangaza Jimmie Rodgers, jina lake lilikuwa likiimbwa Kapkatet, katika eneo la Kericho nchini Kenya. Santuri zake zilikuwa zimewafikia Wakipsigis kwa gramafoni, wakazipenda, na jina la mwimbaji likageuka kinywani mwao kuwa Chemirocha. Mwaka huo Hugh Tracey, mtafiti wa muziki aliyezunguka Afrika akiwa na mitambo yake ya kurekodi, aliwarekodi Wakipsigis wakiimba nyimbo kadhaa zenye jina hilo. Unaojulikana zaidi uliimbwa na Chemutoi Ketienya pamoja na wasichana wenzake, zeze la kwao likiwaongoza. Katika maelezo yake Tracey aliandika kwamba waimbaji walimwona Chemirocha kama kiumbe nusu mtu, nusu paa.

Hapo tunaona namna ya kumuenzi msanii ambayo haihitaji kamati wala bamba la shaba. Wale wasichana hawakumwiga Rodgers. Walilichukua jina lake, wakaliingiza katika mahadhi yao wenyewe, na mfanyakazi wa reli wa Mississippi akapata wimbo katika lugha ambayo hakuwahi kuisikia.

Lakini tuulize pia upande wa pili. Rekodi ile ya Kapkatet ilipendwa na wasikilizaji wa nchi za mbali, ikihifadhiwa Afrika Kusini katika maktaba ya muziki wa Kiafrika aliyoianzisha Tracey mwaka 1954. Ilichukua zaidi ya miaka 60 maktaba hiyo, ikishirikiana na Ketebul Music ya Nairobi, kurudisha nakala za rekodi kwa jamii iliyoziimba. Cheriyot arap Kuri, mmoja wa wanamuziki waliorekodiwa mwaka ule, alikutwa yu hai, mzee wa miaka mingi. Yeye aliwahi kuisikia sauti ya ujana wake. Wengi wa wenzake hawakuwahi. Msimamizi wa kumbukumbu anayehifadhi kanda bila kuwatafuta walioimba ameifanya kazi yake nusu.

Namna pete inavyovikwa

Sasa turudi Nashville. Makumbusho ya jumba lile yalifunguliwa mwaka 1967, na mwaka 2001 yakahamia jengo kubwa katikati ya jiji, lenye madirisha yaliyopangwa kama vitufe vya piano. Ndani yake kuna ukumbi wa duara ambamo kila aliyeheshimiwa ana bamba la shaba lenye sura yake na maelezo mafupi ya kazi yake. Mabamba hayo hayakupangwa kwa umaarufu wala kwa mauzo. Yamechanganywa ukutani, mtunzi kando ya mwimbaji, mpiga gitaa kando ya mmiliki wa studio, ili mgeni asimwone yeyote kuwa mkubwa kuliko mwenzake.

Sherehe yenyewe ina taratibu ninazozipenda. Msanii anayeingizwa huvishwa nishani na mtu aliyekwisha kuheshimiwa kabla yake. Kwa desturi, siku hiyo hapandi jukwaani kuimba. Anakaa kitini, na wenzake wanamwimbia nyimbo zake. Mtu aliyeitumikia hadhira miaka 40 anapewa jioni moja ya kutumikiwa.

Wanaoingia huchaguliwa kwa kura. Kwa zaidi ya mwongo mmoja sasa, kila mwaka huchaguliwa mmoja kutoka zama za karibuni, yaani aliyevuma angalau miaka 20 iliyopita, na mmoja wa zama za kale. Nafasi ya tatu huenda kwa zamu ya miaka mitatu: mwaka wa mtunzi, mwaka wa mwanamuziki wa studio na ziara, na mwaka wa mtu aliyefanya kazi nyuma ya pazia. Kwa zamu hiyo waliingia watunzi Bobby Braddock mwaka 2011, Hank Cochran 2014, Don Schlitz 2017, Dean Dillon 2020 na Bob McDill 2023. Naipongeza kanuni hiyo, kwa sababu bila nafasi iliyotengwa kwa ajili yake mtunzi angeshindwa na mwimbaji kila mwaka. Hata hivyo mtunzi mmoja katika miaka mitatu ni idadi ndogo, ukikumbuka kwamba Nashville imesimama juu ya mabega ya watunzi. Na Hank Cochran alikuwa amefariki mwaka 2010, miaka minne kabla ya zamu yake kufika.

Watu wa kalamu

Niruhusuni nikae zaidi kwa watunzi, maana hapa ndipo sisi mashabiki tunapodaiwa deni kubwa kuliko yote.

Wimbo wa Kenny Rogers kuhusu mcheza kamari ndani ya treni, "The Gambler," sidhani kama upo ukumbi wa muziki wa zamani Nairobi ambamo haujapigwa. Aliyeutunga ni Don Schlitz. Mwaka 1976 alikuwa kijana wa miaka 23, akifanya kazi ya zamu ya usiku kwenye mitambo ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Vanderbilt. Mwenyewe ameeleza kwamba sehemu kubwa ya wimbo ilimjia kichwani akitembea kwa miguu kurudi nyumbani kutoka mtaa wa studio, na kwamba mwisho wake ndio uliomsumbua kwa wiki kadhaa. Kisha akahangaika nao kama miaka miwili. Waimbaji wengine waliurekodi, naye mwenyewe akaurekodi, mpaka mwaka 1978 ukamfikia Kenny Rogers, na dunia nzima ikaujua. Mwaka 2018 rekodi hiyo iliingizwa katika orodha ya sauti zinazohifadhiwa na Maktaba ya Bunge la Marekani. Sisi tunaukumbuka uso wa Rogers na ndevu zake. Kijana aliyetembea usiku akiunganisha vina hatumkumbuki, kwa kuwa hatukuwahi kuambiwa.

Mtu aliyekuwa akimfunza Schlitz siku hizo ni Bob McDill, na McDill ndiye aliyemtungia Don Williams baadhi ya nyimbo zake bora, zikiwamo "Amanda" na "Good Ole Boys Like Me." Mpenzi yeyote wa Don Williams, aishi Eldoret au Arusha, amempenda pia McDill bila kujua. Alikuwa mtunzi wa saa za kazi: aliingia ofisini asubuhi, akaandika kwa mkono, akafuta, akaandika tena. Baada ya kustaafu, alikabidhi madaftari yake, zaidi ya 200, kwa maktaba ya makumbusho yale. Mwanafunzi anayetaka kujua jinsi mstari mbaya unavyogeuzwa kuwa mzuri anaweza kuyasoma humo, mikato yote ikionekana.

Kabla yao kulikuwa na mume na mke, Boudleaux na Felice Bryant. Walikutana mwaka 1945 katika hoteli moja ya Milwaukee, yeye Boudleaux mpiga fidla, Felice mwendesha lifti. Walihamia Nashville mwaka 1950 na wakawa miongoni mwa watu wa kwanza mjini humo kuishi kwa utunzi peke yake. Nyimbo zao waliziandika katika madaftari makubwa ya hesabu, yale ya wahasibu, wakizipanga kwa nidhamu ya duka. Waliheshimiwa pamoja mwaka 1991. Boudleaux alikuwa amefariki mwaka 1987.

Cindy Walker wa Texas aliamka alfajiri kuandika kwa mashine yake ya kuchapa iliyopambwa rangi ya waridi, na mama yake akimsaidia kwa piano. Ndiye aliyetunga "Distant Drums," wimbo wa Jim Reeves uliofika kileleni mwa chati ya kantri ya Marekani na mwa chati ya Uingereza mwaka 1966, miaka miwili baada ya Reeves kufa katika ajali ya ndege karibu na Nashville. Wimbo "You Don't Know Me," alioutunga pamoja na Eddy Arnold, uliimbwa na Ray Charles mwaka 1962 na kuvuka mipaka ya rangi ambayo sheria za Kusini zilikuwa bado zinailinda. Alipoheshimiwa mwaka 1997 alikuwa hai na timamu, akaipokea heshima kwa mikono yake.

Haki ya mtunzi ina mfano mwingine ambao vijana wetu wa muziki wanapaswa kuujua. Dolly Parton alitunga "I Will Always Love You" na kuutoa mwaka 1974. Elvis Presley akautaka, lakini meneja wake, Tom Parker, akadai nusu ya haki za uchapishaji kama sharti. Parton amesimulia kwamba alilia usiku kucha, kisha akakataa. Mwaka 1992 Whitney Houston aliurekodi kwa ajili ya filamu, ukawa miongoni mwa nyimbo zilizouzwa zaidi duniani, na mirabaha ya utunzi ikaenda kwa aliyeutunga. Binti wa familia maskini ya milima ya Tennessee alijua thamani ya saini yake kuliko wanasheria waliomzunguka.

Pete iliyochelewa

Siwezi kuisifu Nashville bila kulitaja deni lake. Mgala muue na haki yake umpe, na haki ya DeFord Bailey ilichelewa mno.

Bailey alizaliwa tarehe 14 Desemba 1899 katika wilaya ya Smith, Tennessee, mjukuu wa mtu aliyezaliwa utumwani na aliyekuwa fundi wa fidla. Akiwa na miaka mitatu alipata polio, akalala kitandani karibu mwaka mzima, na kitu alichoweza kukipiga akiwa amelala kilikuwa harmonika. Alisikiliza mbwa wakiwinda, kuku wakitetea na treni zikipita, akajifunza kuviiga. Akienda shule alisimama chini ya daraja la reli, akaziba macho, akaisikiliza treni ikipita juu yake, kisha akaipiga sauti ile njia nzima.

Usiku mmoja wa Desemba 1927, Bailey alimaliza kuipiga treni yake katika redio ya WSM, Nashville, na hapo hapo mtangazaji George Hay akakipa kipindi jina ambalo kinaitwa mpaka leo: Grand Ole Opry. Mwaka 1928 Bailey alisikika katika Jumamosi 49 kati ya 52, kuliko mwanamuziki mwingine yeyote wa kipindi hicho. Walipokwenda ziara, hoteli na migahawa ya Kusini ilimfungia milango kwa sababu ya rangi yake, na wenzake wakalazimika kudai kuwa ni mtumishi wao ili apate mahali pa kulala.

Mwaka 1941 vituo vya redio vilikuwa katika mgogoro mkubwa na chama cha watunzi, ASCAP, juu ya ada, vikazisusia nyimbo zote zilizosajiliwa nacho. Vipande alivyojulikana navyo Bailey vilikuwa humo. Wapiganapo tembo nyasi huumia: Bailey akaondolewa kazini. Mwaka 1945 Hay alichapisha kijitabu akimwita mvivu na kuuhusisha uvivu huo na rangi yake. Mtu aliyelipa jukwaa lile sauti iliyozaa jina lake akaishi kwa kung'arisha viatu Nashville. Alialikwa tena Opry mwaka 1974, akafariki tarehe 2 Julai 1982. Jumba la Heshima lilimwingiza mwaka 2005, miaka 64 baada ya kufukuzwa na miaka 23 baada ya kuzikwa.

Mweusi wa kwanza kuingia humo alikuwa Charley Pride, mwaka 2000, mwana wa wakulima wa pamba wa Sledge, Mississippi, aliyefikisha nyimbo 29 kileleni mwa chati za kantri. Bahati njema, Pride aliishi kuiona siku hiyo. Ray Charles alichaguliwa mwaka 2021, miaka 17 baada ya kifo chake. Wapo pia ambao hawana bamba. Lesley Riddle, mpiga gitaa Mweusi, alizunguka milimani na A. P. Carter, wa familia ile ya Carter iliyorekodi Bristol, kukusanya nyimbo. Carter aliandika maneno, Riddle akayakariri mahadhi, na Maybelle Carter akajifunza kwake. Rufus Payne, mwanamuziki wa mitaani huko Alabama, alimfunza Hank Williams gitaa alipokuwa mtoto. Banjo yenyewe ilitoka katika ala za Waafrika wa Magharibi waliopelekwa Marekani kwa minyororo. Muziki huu ni wa weupe na weusi tangu mizizi, na jumba lolote linaloueleza vinginevyo linapotosha historia.

Wajibu wetu

Nashville imefanya jambo kubwa: imejenga, imeandika, imehifadhi, na imetenga nafasi kwa mtunzi. Imekosea ilipoiachia rangi ya ngozi iamue nani atajwe na nani asubiri. Hukumu yangu ni kwamba somo la kwanza tulichukue, na kosa hilo tusilirudie.

Watangazaji wa vipindi vya kantri wa Nairobi, Kampala na Dar es Salaam, nawaomba jambo dogo lisilogharimu shilingi. Mkipiga wimbo, mtajeni mwimbaji, kisha mtajeni aliyeutunga. Semeni ni Don Williams, utunzi wa Bob McDill. Semeni ni Jim Reeves, utunzi wa Cindy Walker. Bendi zinazoimba kantri katika kumbi zetu zifanye vivyo hivyo kabla ya wimbo kuanza, na zilipe ada za hakimiliki bila kusukumwa. Vijana mnaotunga, sajilini nyimbo zenu kabla ya kuzirekodi, na msiuze haki zenu zote kwa sababu ya njaa ya wiki moja. Nanyi mnaotunza maktaba za sauti, watafuteni walioimba kanda mlizo nazo, muwasikilizishe wangali na masikio ya kusikia.

Muungwana ni vitendo. Tukitoka hapa, kila mmoja achague wimbo mmoja anaoupenda, atafute jina la aliyeutunga, na alitaje mbele ya watu. Kama mtunzi huyo bado yu hai, asingoje mazishi kumshukuru.